Kabla Hajakupenda, Farasi Anataka Kujua Kama Unatabirika

Wanafunzi wangu, hasa wale walio na farasi wao wa kwanza, huniuliza sana: nifanye nini ili anipende? Swali hilo hutoka moyoni na silidharau hata kidogo. Ila huwa nawaambia kwamba farasi naye ana swali lake, na lake hutangulia. Anataka kujua kama unatabirika. Mguu wako ukimgusa ubavuni leo, una maana ileile ya jana? Akikujibu ulichomwomba, utaacha kumbana? Akikwambia hapana, utamsikia?

Farasi ni mnyama ambaye usalama wake uko kwenye miguu yake. Macho yake yamekaa ubavuni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote bila kugeuka, isipokuwa pale mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia. Kiumbe kinachomrukia mgongoni mnyama wa jamii yake porini huwa na makucha. Sisi tunapanda papo hapo mgongoni, tunamtia chuma mdomoni, kisha tunamwomba atulie. Angalia pia anavyolala. Husinzia akiwa amesimama, lakini usingizi mzito, ule wa ndoto, humhitaji alale chini, na hawezi kulala chini mahali asipopaamini. Nikiingia bandani nikamkuta farasi amelala na asiinuke kwa kuniona, huwa nasimama mlangoni kimya kwa muda. Ni heshima kubwa anayonipa.

Basi uaminifu huo hujengwaje? Sehemu kubwa hujengwa katika sekunde moja ambayo wapandaji wengi hawaitilii maanani: sekunde ya kuachia. Mguu wako unabana, farasi anasogea, mguu unalegea. Kinachomfundisha ni kule kulegea. Kubana ni swali tu. Ukichelewa kuachia, unakuwa umemfundisha kitu kingine bila kujua. Mfano ninaokutana nao kila mara ni wa kurudi nyuma. Mpandaji anavuta hatamu, farasi anakereka na kuinua kichwa juu, mpandaji anashtuka na kulegeza mkono. Farasi amejifunza nini hapo? Kwamba kichwa kikiinuliwa, maumivu ya mdomo huisha. Kesho atakiinua mapema zaidi, na ataitwa mkaidi. Hakukosea. Alifuata barabara somo alilopewa.

Na farasi huona somo hata pale usipodhani unafundisha. Mwanzoni mwa karne iliyopita, mjini Berlin, palikuwa na farasi aliyeitwa Hans, wa mwalimu Wilhelm von Osten. Watu walimwuliza hesabu naye alijibu kwa kugonga ardhi kwa kwato hadi idadi sahihi. Mwaka 1904 wataalamu waliokwenda kumchunguza hawakuona udanganyifu wowote. Baadaye Oskar Pfungst, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1907, aligundua kwamba Hans alishindwa pale mwuliza swali mwenyewe asipojua jibu, au pale Hans asipoweza kumwona. Watu walikuwa wakiinamisha kichwa kidogo sana walipouliza, na idadi ilipotimia waliinua kichwa au kulegea bila kukusudia. Hans aliona hilo. Wengi husimulia kisa hiki kana kwamba Hans aliumbuka. Mimi kila nikikikumbuka najiuliza: kama aliweza kusoma mtikisiko mdogo wa kichwa cha mtu aliyesimama mbele yake, anasoma nini kwenye mapaja, kiuno na pumzi ya mtu aliyemkalia mgongoni?

Jibu mojawapo lilitoka Sweden mwaka 2009. Watafiti waliwataka watu wawaongoze au wawapande farasi kupita njia ileile mara kadhaa, na kabla ya safari ya mwisho wakawaambia kwamba mwavuli utafunguliwa ghafla farasi anapopita. Mwavuli haukufunguliwa. Hata hivyo mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi wao yakapanda pia. Farasi hawakuambiwa habari ya mwavuli. Walioambiwa ni watu, na miili ya watu ikapeleka taarifa.

Ndiyo maana simwambii mwanafunzi mwenye hofu "usiogope." Hofu haiondoki kwa amri. Namwambia atoe pumzi yote nje, polepole, mpaka ahisi mifupa ya makalio imezama kwenye tandiko, kisha alegeze magoti. Mtu anayeogopa huzuia pumzi na kubana miguu, na kwa farasi kubana miguu ni "nenda." Wakati huohuo mikono inavuta, yaani "simama." Hebu fikiria unaambiwa nenda na simama kwa pumzi moja, na mtu unayemtegemea. Pumzi ikitoka, amri hizo mbili hulegea pamoja.

Anayenipa moyo zaidi katika jambo hili ni Lis Hartel wa Denmark. Mwaka 1944, akiwa mjamzito, aliugua polio, na miguu yake kuanzia magotini kwenda chini ikabaki imepooza. Alirudi kupanda. Mwaka 1952 huko Helsinki, wanawake waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana katika dresaji ya Olimpiki, mchezo ambao farasi hufuata hatua na mizunguko iliyopangwa kwa ishara ndogo za mpandaji, alishinda medali ya fedha juu ya farasi jike wake, Jubilee. Alihitaji kusaidiwa kupanda na kushuka. Dresaji ni mchezo ambao sisi wenye miguu mizima tunautegemea sana mguu, na yeye alizungumza na Jubilee kwa uzito wa mwili na mgongo. Mwaka 1956 alirudia medali ileile. Mtu asiyeweza kulazimisha alibaki na njia moja tu, kueleweka, na alieleweka.

Kuhusu vitafunio: karoti ni nzuri, toa, lakini farasi anayekujia kwa ajili ya mfuko wako anaufuata mfuko. Afadhali umkune pale shingo inapokutana na mgongo, mahali farasi wenyewe hukunana kwa meno. Imepimwa kwamba kukunwa pale hushusha mapigo ya moyo wake.

Sasa nieleze kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifundisha kuliko yote haya. Niliwahi kupewa kumfundisha jike mmoja wa rangi ya kahawia. Ukimletea tandiko alilaza masikio nyuma, akitandikwa aling'ata hewa, na akipandwa alipiga mkia kila hatua. Niliambiwa ni mkorofi, nikaamini. Nikaongeza mguu. Akaongeza mkia. Wiki ya tatu alisimama katikati ya uwanja akagoma kabisa kutembea, na mimi juu yake nikiendelea kumsukuma. Nilipoita daktari wa mifugo ilionekana tandiko lilikuwa linambana nyuma ya bega pande zote mbili. Lilikuwa limemtosha zamani, ila mgongo wa farasi hubadilika kwa umri, kazi na unene. Alikuwa ananiambia tangu siku ya kwanza, kwa lugha yote aliyokuwa nayo.

Siku hizi tuna msaada ambao sikuwa nao wakati ule. Daktari Mwingereza Sue Dyson na wenzake wameorodhesha tabia 24 za farasi aliyepandwa, kama vile masikio yaliyolazwa nyuma, mkia unaopigwapigwa na mdomo unaofunguka tena na tena. Zikionekana nane au zaidi, uwezekano wa maumivu ni mkubwa. Ijifunze orodha hiyo kabla hujajifunza kutumia mjeledi.

Yule jike alipumzishwa, tandiko likabadilishwa, mgongo ukapona. Kumbukumbu haikupona pamoja na mgongo. Alipoliona tandiko jipya alilaza masikio vilevile, na haki yake. Nikaanza upya. Nililiweka juu ya uzio, mbali, tukalisogelea. Aliposimama nami nilisimama, na aliposhusha kichwa tulirudi. Baada ya siku nyingi nililigusisha mgongoni na kuliondoa papo hapo, kabla hajaniomba. Kisha likakaa kidogo, likaondoka. Akisogea pembeni, liliondoka pia, kila mara, hata siku nilizokuwa na haraka. Ilichukua miezi kabla sijapanda.

Bado niko naye. Kila asubuhi nalitundika tandiko kwenye ubao alinuse, kisha nalileta. Mara nyingi husimama tu, sikio moja limenielekea. Ila mara mbili tangu wakati ule alipiga hatua moja pembeni. Mara ya kwanza nilishusha kila kitu nikapitisha kiganja chini ya blanketi, nikakuta kijiti cha nyasi kavu kimesimama kama sindano. Mara ya pili blanketi lilikuwa safi, lakini msuli wa kushoto wa mgongo ulikuwa na joto kuliko wa kulia. Siku hiyo tulitembea kwa miguu, yeye na mimi, kamba ikiwa imelegea kati yetu.