Makubaliano katika mnada wa briji ni nini?

Kwenye briji, mchezo wa karata, makubaliano ni dau (ahadi inayotajwa kwenye mnada) ambalo wachezaji wawili wa upande mmoja wameshapatana kulipatia maana nyingine kabisa. Mtu anasema "pau mbili" wala hana nia ya kucheza pau. Mwenzake anajua. Wapinzani nao wanajua, maana kanuni zinawapa haki ya kujua, na hapo ndipo wageni wengi wa mchezo huu huanza kushangaa.

Tuanze na mnada wenyewe. Wanacheza watu wanne, wawili kwa wawili, kila mmoja akitazamana na mwenzake. Karata 52 zinagawiwa zote, 13 kwa kila mtu. Kabla karata yoyote haijatupwa, pande mbili zinashindania haki ya kuchagua turufu kwa kuahidi idadi ya raundi (karata nne, moja ya kila mchezaji) zitakazokula. Raundi sita za mwanzo hazitajwi kwenye dau, kwa hiyo anayesema "kopa moja" ameahidi raundi saba, na anayesema "kopa nne" ameahidi kumi. Pau ndiyo ya chini, juu yake uru, kisha kopa, kisha shupaza, na juu ya zote ni kucheza bila turufu. Madau yako 35 tu. Ongeza pasi (kupita bila dau), dabo (kuzidisha thamani ya dau la wapinzani) na ridabo (kuizidisha tena), yanakuwa matamko 38, na hayo ndiyo yote unayoruhusiwa kumwambia mwenzako kuhusu karata zako. Kukonyeza na kukohoa, kama wanavyofanya baadhi ya wacheza karata barazani, hapa ni wizi.

Kwa kuwa matamko ni machache, kila moja linabanwa litoe habari nyingi iwezekanavyo. Nguvu ya mkono hupimwa kwa pointi: ree 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1. Pakiti nzima ina pointi 40. Upande wenye 25 au zaidi kwa kawaida hutafuta gemu, yaani mkataba (dau la mwisho la mnada) wenye zawadi nono, ambao ni tatu bila turufu, nne za kopa au shupaza, au tano za pau au uru.

Sasa chukua mkono huu. Mwenzako amefungua "moja bila turufu", ambayo kwa mtindo wa Kimarekani ina maana ya pointi 15 hadi 17 na karata zilizosambaa vizuri. Wewe una shupaza nne (mfalme, ghulamu, 8, 4), kopa nne (malkia, 9, 6, 2), uru tatu (ree, 7, 3) na pau mbili, 6 na 4. Hizo ni pointi 10. Gemu ipo, ila ni ipi? Ukikurupuka na "tatu bila turufu", huenda mwenzako ana shupaza ree, 5, 2. Kopa ree, mfalme, 7, 3. Uru mfalme, malkia, 8, 4. Na pau 9 na 7. Pointi mnazo 26, lakini pau zenu zote ni takataka. Wapinzani wanazo tisa. Wakianza nazo, wanakula raundi tano mfululizo ninyi mkitazama, na mkataba umekufa kabla hamjashika usukani. Mikono hiyohiyo kwenye "kopa nne" inasimama vizuri: pau zinakula raundi mbili tu, ya tatu mnaikata kwa turufu. Kopa tano za wapinzani zikigawanyika tatu kwa mbili, hasara nyingine ya juu kabisa ni shupaza moja.

Kwa ajili ya mikono ya namna hii ndipo likatungwa swali la Stayman. Baada ya "moja bila turufu", "pau mbili" inauliza: una kopa nne au shupaza nne? Jibu la "uru mbili" ni hapana, "kopa mbili" ni ninazo kopa, "shupaza mbili" ni ninazo shupaza. Kwenye mfano wetu mwenzako anajibu "kopa mbili", wewe unaruka hadi "kopa nne", basi. Samuel Stayman, Mmarekani, aliliandikia makala mwaka 1945 na jina likamgandia, ingawa wazo lilikuwa la George Rapée, aliyekuwa akicheza naye. Uingereza nako Jack Marx alikuwa amelifikia mwenyewe. Historia ya briji imejaa majina ya aina hiyo.

Swali hilo si la bure. Ukishakubali kwamba "pau mbili" ni swali, huwezi tena kuitumia siku una pau sita na mkono dhaifu, unataka tu kutua hapo chini. Biashara hii inalipa kwa sababu siku hizo ni chache kuliko zile za kutafuta kopa au shupaza. Kipimo hicho ndicho ningemshauri anayeanza akitumie kabla hajajaza kichwa makubaliano ya kila bingwa: ninachokipoteza ni kipi, na nitakihitaji mara ngapi?

Blackwood, kwa mfano, inapendwa kupita kiasi. Ilitungwa mwaka 1933 na Easley Blackwood wa Indianapolis. "Nne bila turufu" inauliza idadi ya ree: "pau tano" ni hakuna au zote nne, "uru tano" moja, "kopa tano" mbili, "shupaza tano" tatu. Inakusaidia usiahidi raundi 12 huku wapinzani wameshikilia ree mbili. Lakini kama turufu yenu ni pau na jibu ni "uru tano", mmeshavuka "pau tano" na hakuna kurudi. Swali unaliuliza pale tu ambapo kila jibu lina pa kukupeleka.

Makubaliano mengi yakifungwa pamoja na maana za kawaida za madau, unapata mfumo. Acol, uliozaliwa London miaka ya 1930 na kupewa jina la barabara ya Acol, hufungua kopa au shupaza ukiwa nazo nne, na "moja bila turufu" yake kwa kawaida ni dhaifu, pointi 12 hadi 14. Wamarekani wa leo wanataka kopa au shupaza ziwe tano.

Mnada ukiisha, walinzi, yaani upande ulioshindwa mnada, huendelea kuzungumza kwa karata zenyewe. Mwenzako akianza na ree, ukitupa karata kubwa kiasi unamwambia endelea. Ndogo ni badilisha. Wapo wanaogeuza maana hizo, na ni halali mradi wametangaza.

Kutangaza ndiko kunakotenganisha makubaliano na ulaghai. Kila jozi inajaza kadi ya makubaliano yake, na dau lenye maana isiyotarajiwa hutolewa tahadhari. Mpinzani akiuliza, anayeeleza ni mwenzi wa aliyelitaja. Mwenye dau angejieleza mwenyewe, angekuwa anamwambia mwenzake habari za ziada. Mwaka 1975, kwenye Bermuda Bowl ya ubingwa wa dunia, meza zilikatwa kwa pazia ili wenzi wasionane. Ikagunduliwa kwamba Muitalia mmoja alikuwa akimgusa mwenzake miguu chini ya meza, wakati wa mnada na kabla ya karata ya kwanza. Wote wawili walikemewa rasmi, Italia ikatwaa ubingwa hata hivyo, na chini ya meza nako kukazibwa.