Je, wajua kwa nini miiba hungoja shingo ikauke?

Anayeanza kujifunza rangi ya mafuta kwa kawaida huwekewa tufaha mezani, achore. Si vibaya, ila tufaha halina siri. Wengine hurukia moja kwa moja kunakili picha ambayo Frida Kahlo, mchoraji wa Meksiko, alijichora mwaka 1940. Shingoni amevaa mkufu wa miiba, na kwenye mkufu ananing'inia kolibri aliyekufa, yule ndege mdogo mno mfyonza maua. Bega moja lina tumbili mweusi. Nyuma ya la pili anachungulia paka mweusi. Picha ngumu hivyo inamfaa nini mtu ambaye hata brashi hajaizoea?

Tazama shingo. Miiba imeichoma na damu imetoka, matone machache tu. Mwenye haraka hupaka ngozi asubuhi, jioni akaweka tone jekundu. Tone linazama kwenye rangi mbichi, na badala ya damu anapata uwaridi uliotapakaa, kama shingo iliyokwaruzwa na kola. Sababu ni kwamba rangi hii haikauki kama nguo kambani. Nguo hutoa maji. Rangi ya mafuta hukorogwa kwa mafuta ya mbegu za kitani, nayo hayaruki hewani. Yanavuta oksijeni na kuganda polepole mpaka yawe utando mgumu, kazi ya siku kadhaa, na tabaka likiwa nene ni wiki kadhaa. Kwa hiyo ngozi kwanza, halafu subira, halafu miiba, na damu mwisho kabisa. Tena tabaka la chini liwe na mafuta machache kuliko la juu. Ukigeuza, la chini litaendelea kujivuta wakati la juu limeshakakamaa, na picha itapasuka nyufa.

Somo la pili ni weusi. Nywele, tumbili, paka na ndege, vyote vyeusi, na ukivipaka vyote rangi ile ile kutoka kwenye tyubu moja unapata matundu manne. Changanya kahawia iliyokolea na buluu nzito: ukizidisha kahawia, weusi unapata joto; ukizidisha buluu, unapoa. Kwa maoni yangu, wiki moja ya kumhangaikia paka huyu inafundisha kuliko kapu zima la matufaha.

Halafu kuna jambo ambalo mkono huligundua kabla ya jicho. Unachora mabawa ya kolibri yaliyotandazwa, na katikati ya mstari unahisi umeshaupita mkunjo huu. Ni nyusi za Frida, zile zilizoungana juu ya pua. Ndege aliyekufa kifuani ana umbo la nyusi za mwanamke aliye hai.

Katika mapokeo ya Meksiko kolibri mkavu alikuwa hirizi ya mapenzi, na Frida aliichora picha hii baada ya kuachana na mumewe, mchoraji Diego Rivera, mwaka 1939. (Walioana tena Desemba 1940.) Miiba wengi huihusisha na taji la Yesu. Tumbili ndiye anayenitia wasiwasi zaidi: ameshika ncha ya mkufu, anacheza nao, na kila akivuta miiba inazidi kuingia. Usipoviweka sawa vidole vyake, mateso ya picha nzima yanakosa chanzo.

Picha yenyewe, ya takribani sentimita 61 kwa 47, iko Harry Ransom Center, Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Turubai yako iwe ya kipimo kingine. Hata makumbusho ya Louvre, Paris, ambayo yamepokea wachoraji wa kunakili picha zake tangu 1793, hayaruhusu nakala ilingane ukubwa na picha ya asili.