Maneno ya riwaya si ushahidi wa historia
Kuna ujumbe usiochoka kuzunguka kwenye magrupu yetu ya Mombasa: eti riwaya ya kihistoria ni historia tupu, kila neno la wahusika lilisemwa kweli. Sivyo. Chukua Fort Jesus, ngome ya Wareno hapa Mombasa. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Hilo lina kumbukumbu. Lakini ukikuta kwenye riwaya mnong'ono wa mlinzi wa ngome usiku wa manane, huo ni ubunifu wa mwandishi (na ndio utamu wenyewe, mie huufuata hadi alfajiri). Tarehe za kweli zikikaa na watu wa kubuni, ni rahisi kuchanganyikiwa. Soma dokezo la mwandishi, likiwepo, kisha linganisha na vitabu vya historia. Kabla ya hapo, tafadhali usiusambaze ujumbe huo.