I1: ukoo wa kuumeni wa Ulaya ya Kaskazini

I1, au I-M253, ni haplogrupu ya kromosomu Y: kundi la wanaume wote waliotokana na babu mmoja, baba kwa mwana, bila kukatika. Alama yake ni M253, mahali pamoja kwenye kromosomu hiyo ambapo herufi C ya DNA iligeuka kuwa T. Mwanamume mwenye T hapo yumo. Mwenye C hayumo. Mwanamke hana kromosomu Y, kwa hiyo akitaka kujua ukoo wake wa kuumeni humpimisha baba, kaka wa baba mmoja, au baba mdogo.

Ukoo huu umeshamiri Uswidi, Norwei, Denmark na magharibi mwa Ufini. Ajabu yake ni umbo la mti wenyewe. Ulitengana na ndugu yake, I2, takriban miaka 27,000 iliyopita, ilhali wanaume wote wa I1 walio hai leo wanakutana kwa babu aliyeishi kama miaka 4,600 tu nyuma. Kati ya nyakati hizo mbili yamejazana mabadiliko takriban 300 ambayo kila mwenye I1 anayo. Ni shina refu lisilo na tawi. Matawi yalikuwepo, bila shaka, ila wenyewe walikufa bila uzao au walizaa mabinti watupu, ukabaki mstari mmoja. Kisha, Zama za Mawe zikiisha na za Shaba zikianza, shina likachipua kwa kasi huko Skandinavia.

Karibu wanaume wote wa I1 wamo kwenye tawi la DF29. Ndani yake, L22 ni la Skandinavia zaidi, na kitawi chake L258 ni cha Wafini. Z58 limejaa Ujerumani, Uholanzi na Uingereza. Waanglo na Wasaksoni, makabila ya Kijerumani, walivuka nalo bahari hadi Uingereza kuanzia karne ya 5, Walombardi, kabila jingine la Kijerumani, wakaingia na I1 Italia mwaka 568, Waviking, mabaharia wa Skandinavia, wakafuata baadaye.

Ndiyo maana si sahihi kuiita I1 damu ya Viking: Waviking wengi pia walikuwa wa koo nyingine za kuumeni, R1a na R1b, na Mwingereza wa Z58 huenda babu yake alikuwa Msaksoni. Kipimo cha marudio 12, kinachohesabu vipande vifupi vya DNA vinajirudia mara ngapi mahali 12, hakitoshi kuamua, kwa sababu marudio huongezeka na kupungua, na watu wa mbali hufanana kwa bahati. Omba kipimo kinachosoma herufi zenyewe hadi kwenye kitawi. Hata hapo, kati ya wazazi 1,024 wa kizazi cha 10 nyuma yako, Y imetoka kwa mmoja.