Hakuna mbegu ya bonsai

Wateja wanaofika bustanini kwangu hapa Mikocheni bado huniomba "mbegu za bonsai", yaani miti inayotunzwa iwe midogo chunguni, wakiamini mti utakaoota utabaki mfupi wenyewe. Mbegu ya namna hiyo haipo. Mwerezi wa Mulanje, mti adimu wa Malawi ulio hatarini kutoweka, mlimani huweza kupita mita 30. Chunguni udogo wake unatokana na mkono wako: kupunguza mizizi, kukata machipukizi, kufunga matawi kwa waya. Tena usiharakishe, mpe miaka kadhaa shina linenepe.

Mbegu nyingi za misonobari ya nchi za baridi zifukie kwenye mchanga wenye unyevu, kisha ziweke kwenye friji, si friza, wiki kadhaa. Dar haina baridi ya kuziamsha.