Kutoa shaba katika jiwe: moto pekee hautoshi

Anayejaribu kwa mara ya kwanza kutoa metali katika mbale, yaani jiwe lenye metali ndani yake, hudhani kwamba kinachohitajika ni moto mkali tu, jiwe liyeyuke na metali ichuruzike. Sivyo. Katika mbale nyingi metali imefungamana na oksijeni au salfa, na kwa shaba ya oksaidi, yaani iliyofungamana na oksijeni, ni lazima kiwepo kitu cha kuinyang'anya oksijeni hiyo.

Kwa mwanafunzi wa kazi hii tunapendekeza malakaiti, jiwe la kijani ambalo, likiwa safi, takribani asilimia 57 ya uzito wake ni shaba. Likisagwa na kupashwa moto hutoa mvuke wa maji na kaboni dioksaidi, na unga wake hugeuka mweusi tititi. Hiyo ndiyo oksaidi ya shaba. Unga huo huchanganywa na mkaa uliopondwa, ukatiwa katika chungu cha udongo unaohimili moto, kikafunikwa bila kubanwa na kuzikwa ndani ya mkaa unaopulizwa kwa mvukuto. Mkaa ukikosa hewa ya kutosha huzalisha kaboni monoksaidi, na gesi hiyo ndiyo hasa inayochukua oksijeni na kuiacha shaba. Tendo hili hukamilika kabla joto halijafika nyuzi 1085 za Selisiasi, ambako shaba huyeyuka, kwa hiyo anayefungua chungu mapema hukuta vumbi jekundu-kahawia na kukata tamaa, ilhali shaba imo, ila haijapata joto la kuungana kuwa tone.

Kaboni monoksaidi hiyohiyo huua, nayo haina rangi wala harufu. Kazi ifanyike nje kabisa. Banda lililoachwa mlango wazi halitoshi. Chungu na vifaa vikauke, maana unyevu ukikutana na metali iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kuirusha.

Galena, mbale ya metali iitwayo risasi, iachwe. Risasi hupatikana kwa joto dogo, na urahisi huo ndio mtego, kwani moshi na vumbi lake hujilimbikiza mwilini na hufuata nguo hadi nyumbani.

Chungu kikipoa, pondaponda kilichomo na ukioshe kwa maji: mkaa huelea, vipande vizito hubaki chini. Kigonge kimoja kwa nyundo. Taka ya kuyeyushia hupasuka, shaba hubonyea.