Muda wa kichwa chini: rubani anapobadilishiwa nobu kwa kioo cha kugusa

Muda wa kichwa chini ni ule muda ambao macho ya rubani yamo ndani ya chumba chake, kwenye skrini, ramani au redio, badala ya kuwa nje ya dirisha. Dhana hii ni ya zamani kuliko kompyuta. Hata aliyekuwa akikunjua ramani ya karatasi juu ya mapaja aliijua. Imerudi midomoni mwa marubani tangu ndege ndogo zilipoanza kung'olewa redio za kuzungusha na kufungwa vioo vya kugusa. Hapo rubani mwenye saa nyingi angani hujikuta anatafuta kwa macho kitu ambacho zamani mkono wake ulikiendea wenyewe.

Sekunde chache zina uzito gani? Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, inayokwenda kilomita 185 kwa saa hupita kama mita 51 kila sekunde. Mbili za aina hiyo zikija uso kwa uso, nafasi iliyopo kati yao hupungua kwa zaidi ya mita 100 kila sekunde. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, hutumia makadirio ya sekunde 12.5 tangu jicho liione ndege nyingine hadi ndege yako ianze kweli kukwepa. Humo mna kuitambua, kung'amua kwamba mtagongana, kuamua upande, kuvuta usukani, na kusubiri ndege iitike. Piga hesabu utaona kwamba lazima uwe umeiona ikiwa bado kilomita 1.3 hivi mbele yako. Kwa umbali huo ndege yenye mabawa ya mita 11 ni kidoa tu, na kama kweli mnaelekea kugongana, kidoa hicho hakisogei kwenye kioo cha mbele. Kinakaa palepale kikikua. Aliyeinama sekunde kumi akitafuta ukurasa wa redio ametumia karibu akiba yote. Ndiyo sababu mafunzo ya FAA humtaka anayeruka kwa kutazama nje aweke huko nje kama asilimia 90 ya umakini wake.

Sasa tuje kwenye vifaa. Kwa miaka mingi kifaa kilichotawala paneli za ndege ndogo kilikuwa Garmin GNS 430, kilichotoka mwaka 1998. Kilikuwa na GPS, redio na ramani ndogo, na karibu kila kitu kilifanywa kwa nobu (vifundo vya kuzungusha kwa vidole) pacha, moja ndani ya nyingine. Ya nje inabadilisha kundi la kurasa, ya ndani inabadilisha ukurasa. Kuandika jina la kiwanja, tuseme HTZA ambayo ni alama ya kiwanja cha Zanzibar, ilibidi uzungushe herufi moja baada ya nyingine mpaka uzimalize zote nne. Kazi ya kuchosha. Lakini aliyeizoea alihesabu mibofyo kwa vidole, akiwa anatazama upeo wa macho, kisha akatupa jicho mara moja kuhakikisha.

Mwaka 2011 Garmin ilileta GTN 650 na 750, za kugusa. HTZA sasa ni miguso minne tu kwenye kibodi, ingawa herufi zake zilikuja zimepangwa A, B, C na si kama za simu, na hilo lenyewe huwachelewesha watu mwanzoni. Ramani ni kubwa, unaivuta kwa kidole, na njia yako unaweza kuipindisha kukwepa wingu kwa kuigusa. Huko Marekani wimbi la kubadilisha paneli lilipata nguvu zaidi pale sheria ilipotaka, kuanzia Januari 1, 2020, ndege zinazoruka katika sehemu kubwa ya anga yenye shughuli nyingi ziwe na ADS-B, kifaa kinachotangaza mahali ndege ilipo. Wenye ndege wengi walisema madhali fundi anafungua paneli, na amalize kazi yote.

Je, kioo cha kugusa kinaongeza muda wa kichwa chini au kinaupunguza? Jibu la kweli linaudhi kidogo: kwa jumla kinaweza kuupunguza, ila kinabadilisha aina yake. Kazi iliyokuwa ya nusu dakika inaweza kuisha kwa sekunde chache. Ubaya ni kwamba katika sekunde hizo huwezi kutoa jicho hata kidogo. Kioo hakina kingo za kupapasa. Kila mguso unataka macho yauongoze, na baada ya mguso macho yasubiri kuona kama umepokewa. Nobu ilikuruhusu kugawa kazi, mkono ndani, macho nje. Kioo kinavichukua vyote viwili pamoja.

Hewa ikichafuka, mambo huwa mabaya zaidi. Anayeruka kutoka Wilson, Nairobi, kwenda Maasai Mara saa nane mchana, ardhi ikiwa imeshapata moto na hewa inapanda kwa mafungu, anajua jinsi ndege ndogo inavyorushwa. Mkono ulionyooshwa bila pa kushika hauwezi kugonga kitufe cha sentimita moja. Unagusa cha jirani, ukurasa usioutaka unafunguka, unatafuta njia ya kurudi, na hapo sekunde zinakimbia. Watengenezaji wanalijua hilo. Ndiyo maana fremu ya GTN ina ukingo ulioinuliwa wa kuegemeza vidole, na ndiyo maana nobu haikuondolewa kabisa. Masafa ya redio bado unaweza kuyazungusha. Avidyne, washindani wa Garmin, walikwenda mbali zaidi: kwenye IFD540 yao kazi zote zinafanyika kwa kugusa au kwa nobu na vitufe, upendavyo. Kwangu mimi hiyo ndiyo busara, hasa kwa ndege ya rubani mmoja.

Wanamaji wa Marekani waliijua hatari ya skrini za kugusa kwa gharama kubwa. Agosti 2017 meli ya kivita USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, na mabaharia 10 wakafa. Uchunguzi ulitaja, pamoja na upungufu wa mafunzo, mfumo wa uendeshaji wa skrini za kugusa ambapo wahudumu walichanganyikiwa nani anashika usukani na nani anashika injini. Miaka miwili baadaye jeshi hilo likatangaza kurudisha vishikio halisi vya kuongezea mwendo.

Mikono si yote. Kusoma nako kunabadilika. Paneli ya zamani ilikuwa na vipimo sita vya mishale, na rubani hakusoma namba. Aliona mshale umelala wapi. Mshale wa kasi ukiwa upande fulani, mambo sawa. Ukianza kushuka, mkono unasukuma pua ya ndege chini kabla akili haijasema neno. Kwenye skrini kasi na mwinuko ni tepe zinazopanda na kushuka, na namba iko katikati. Sasa unasoma, na kusoma ni kazi ya polepole kuliko kuona. Skrini nzuri hulipunguza tatizo hili. Kwa mfano Garmin G1000 huchora kando ya tepe mstari mfupi unaoonyesha kasi itakuwa ngapi baada ya sekunde sita. Ukijifunza kuutazama huo mstari badala ya namba, umeshapiga hatua kubwa. (G1000 yenyewe, kwa taarifa, huendeshwa kwa vitufe na nobu zilizozunguka skrini. Paneli ya skrini na paneli ya kugusa ni vitu viwili, na matangazo hupenda kuvichanganya.)

Mwaka 2010 NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali, ilitoa utafiti uliolinganisha zaidi ya ndege 8,000 ndogo zilizotengenezwa kati ya 2002 na 2006, zenye skrini na zenye mishale. Zenye skrini zilikuwa na kiwango cha chini cha ajali kwa jumla, lakini kiwango cha juu cha ajali zenye vifo. Sehemu ya tofauti hiyo ni matumizi: zenye skrini zilipelekwa zaidi safari ndefu, na katika hali ya hewa mbaya. Bodi hata hivyo iliona kwamba marubani hawakuwa wakifundishwa vya kutosha kifaa mahsusi walichokuwa nacho, wala jinsi kinavyoharibika. Zama hizo bado si za kugusa, lakini somo la mafunzo linahamia moja kwa moja.

Kuzoea, basi, kunafanyika zaidi ndege ikiwa imesimama. Garmin ilitoa programu ya kujifunzia GTN kwenye tableti, na saa chache sebuleni zinakuokolea fedha nyingi za mafuta. Hatua inayofuata ni kukaa ndani ya ndege yenyewe ikiwa imechomekwa umeme wa nje, kwa sababu skrini hunyonya betri haraka, ukarudia kazi tano au sita unazozifanya kila safari mpaka zitoke bila kufikiri: kubadili masafa, kwenda moja kwa moja kwenye kiwanja, kuingiza njia, kuita mpango wa kutua, kufuta ulichokosea. Hiyo ya mwisho watu huisahau, na ndiyo inayokula sekunde nyingi angani. Zile kurasa nyingine nyingi zinaweza kusubiri.

Angani, wakufunzi hufundisha kukatakata kazi. Miguso miwili, macho nje, tafuta ndege nyingine, rudi, miguso miwili. Kidole gumba kinashika ukingo wa fremu kwanza, ndipo kidole cha shahada kinagusa. Kinachoweza kuingizwa kabla injini haijawaka kisisubiri hewani, wala kisiingizwe wakati ndege inatembea kuelekea njia ya kurukia, maana hapo kichwa chini kinaweza kukuingiza kwenye njia ambayo mwenzako anatua. Ukiwa na otopailoti, kifaa kinachoshika usukani badala yako, iwashe kwanza, hakikisha imeshika, halafu ndipo uiname. Mwongoza ndege akikubadilishia njia katikati ya shughuli, neno "subiri" halina aibu.

Linalobaki gumu ni kuruka paneli tofauti wiki moja. Cessna Caravan, farasi wa kazi wa viwanja vya udongo vya Kenya na Tanzania, zilianza kutoka kiwandani na G1000 mwaka 2008, na za kabla yake zilikuwa na mishale. Anayehama kutoka moja kwenda nyingine anashika usukani uleule na kusikia injini ya familia ileile, lakini jicho linakwenda mahali ambapo kile kipimo hakipo. Shule nyingi zinazokodisha ndege Marekani zimelitatua hili kwa namna isiyopendwa na wateja: humtaka rubani aruke tena na mkufunzi kabla ya kukabidhiwa 172 yenye skrini, hata kama leseni yake inamruhusu na 172 ya mishale ameiruka miaka yote.